Vidonge Nilivyomgawia Mdogo Wangu

Miaka ya hamsini, Wabelgiji wakiwa bado wanatawala, nilishikwa na homa ya matumbo. Nilikuwa msichana tu, sijaolewa. Hapa Kisangani wagonjwa wa namna ile walitengwa katika nyumba iliyokuwa nyuma ya lopitalo, yaani hospitali, imezungushiwa seng'enge. Vitanda vingine vilikuwa vitupu. Munganga wa lopitalo aliyeniletea vidonge alikwenda kunawa mikono hata kabla sijameza.

Mama alisimama nje ya seng'enge kila mchana. Alikatazwa kunipa chakula, hata mchuzi wa samaki. Siku ya sita homa ikashuka. Ndipo akaniambia mdogo wangu wa kike naye anaungua, lakini hatampeleka kwa munganga. Mtoto mmoja kufungiwa humo inatosha.

Kwetu, wavuvi wa maporomoko ya mto, samaki akitoka mtegoni anakatwa vipande kwa hesabu ya watoto. Anayekula peke yake anachekwa mpaka aone haya. Bon, mimi nilijiona nimepona. Nikipewa vidonge viwili, kimoja nilimeza, kingine nilikificha chini ya ulimi, mchana nikampitishia mama kwenye seng'enge.

Baada ya siku chache homa ikanirudia, kali kuliko ya kwanza. Mama naye akasema mtoto hapati nafuu, sasa anaharisha damu. Munganga akaniuliza kama nilimeza vidonge vyote. Nikisema, watakwenda kumchukua mtoto. Nisiposema, atakufa. Nikasema.

Hakunigombeza. Aliniambia, "Dawa haiko samaki ya kugawa, mutoto wangu. Nusu yako haikukuponyesha, na nusu yake haikumuponyesha. Sasa mutaanza wote mwanzo."

Siku ileile wakamleta mdogo wangu, wakamlaza chumba cha watoto, upande wa pili wa ukuta. Mama alikuja kwenye seng'enge mara moja tu.

"Ni wewe umemuuza mdogo wako kwao?" akauliza.

Tangu hapo alisimama upande wa dirisha la watoto, nami nikawa namsikia sauti tu.

Mdogo wangu alipona kabla yangu. Nilimwona anatoka kwa miguu yake, mama amemshika mkono. Walipita karibu kabisa na dirisha langu. Mtoto alitaka kusimama, mama akamvuta, wakaenda nyumbani.

Nilibaki siku nne tena. Sijuti kusema. Lakini siku zile nne hakuna mtu aliyeniita kwa jina langu.