Kreti Nyuma ya Kiti Chake

Jumamosi ile walikuja tena uani kwangu, hapa Rosettenville, kugombana juu ya kocha wa mabeki. Marehemu mume wangu ndiye aliyekuwa kocha wa mabeki wa timu ya chuo, na tangu tumzike, timu ilikuwa ikifungwa kwa kona hata na watu wafupi. Kocha mkuu alikuwa bado anatafuta mtu wa kukaa mahali pake. Uongozi wa chuo uliwaambia mashabiki waandike barua, waseme wanamtaka nani, maana mashabiki wale wakinuna hawaji uwanjani, na uwanja ukiwa mtupu vijana hucheza kama waliofiwa.

Walikuwa watatu: kinyozi Mkongo, mlinzi wa geti ambaye ni Mrundi, na mama mmoja Mkenya ambaye mwanawe ndiye kipa wa timu. Majina yao nayajua, na ya watoto wao, na ya kila kijana aliyewahi kuvaa jezi ya chuo kile. Mimi niliishia darasa la tatu, na asiye na daftari huweka vitu kichwani. Lakini hapa sitamtaja mtu. Majina yamenitesa vya kutosha.

"Mabeki banataka mutu mukali," alisema kinyozi. "Miye naandika ule wa Pretoria."

"Huyo ameshusha daraja timu mbili," alisema mlinzi. "Moja ni bahati mbaya, kaka. Mbili ni ufundi."

Mama wa kipa akacheka. "Wewe nawe! Umelinda geti miaka yote hiyo na baiskeli za wapangaji zimeisha, leo unatufundisha ulinzi?"

"Zilipitia dirishani. Mimi nalinda geti."

Nikawamiminia chai. Mama wa kipa akapuliza kikombe chake, kisha akasema, kama mtu anayejaribu maji kwa kidole, "Na yule msaidizi wa mzee? Ameomba kazi hiyo. Mwanangu anasema hakuna anayewajua mabeki kama yeye."

Kinyozi akaweka kikombe chini. "Ule, hapana. Ule alisema mzee amepoteza kichwa. Mzee aliita vijana kwa majina mpaka mechi ya mwisho, sote tulisikia kwa masikio yetu. Jina la ule mutu haliingie kwenye barua."

"Na bibi nyuma yake akipiga dua," mlinzi akaongeza. Akanigeukia. "Bibi, kocha mpya akija utarudi kukaa pale, sivyo? Bila dua zako tunaumia."

Nikainua birika, nikamwongezea chai.

Mume wangu alikuwa Msauzi. Nilimpata Morogoro, kwenye kambi ya wapigania uhuru wao, mimi nikiwa binti wa kupeleka mboga jikoni kwao. Hata kule alikuwa na timu. Kabla mpira haujaanza alikuwa akiwaita mabeki wake wanne, mmoja mmoja kwa jina, na kila mmoja huitika, "Nipo." Alisema beki asiyeitwa jina hulala. Alipotuleta hapa Johannesburg alikuja na desturi hiyo, na vijana wa Kizulu, wa Kisotho, wa Kivenda, wote wakawa wanaitika "Nipo" bila kujua ni lugha ya nani. Kona ikipigwa, alisimama kwenye mstari akaita, na kila jina lilifika kabla mpira haujafika.

Kisha majina yakaanza kumtoka. Siku moja tulisimama kwenye robot, yaani taa za barabarani, ikawaka kijani, magari ya nyuma yakapiga honi, naye akaniuliza taratibu ile taa inataka tufanye nini. Nikamwambia, "Twende, baba." Tukaenda. Wiki ile ile akaniambia, "Jumamosi uje ukae nyuma yangu." Hakusema zaidi, na mimi sikuuliza. Nikachukua kreti ya soda, nikaigeuza, nikakaa nyuma ya kiti chake, kanga kichwani, na nikawa namnong'oneza. Yule mrefu wa kulia kwako ni fulani. Aliyeshusha soksi ni fulani. Yeye anapaza sauti, mimi tayari niko kwenye jina la pili. Kwa Kiswahili, pole pole, msimu mzima.

Mashabiki walikuwa kwenye ukingo wa nyasi ng'ambo ya pili. Wao waliona midomo tu. Kinyozi akasema ni maombi, mlinzi akasema ni dua, na kwa kuwa msimu ule timu ilikuwa haifungwi, mama wa kipa akaniletea mto wa kukalia. Sikukanusha. Mimi ambaye hata juzuu sikumaliza.

Sasa huyo msaidizi. Ni mtu mzima, ana mke na watoto, na yeye ni mtoto wa wale waliorudi kutoka uhamishoni kama sisi: baba wa hapa, mama Mtanzania. Kiswahili anakisikia vizuri ingawa anakisema kwa kukwamakwama. Alikuwa akisimama hatua mbili tu kutoka kwangu. Alijua tangu mwanzo ninachonong'ona, na alinyamaza.

Siku moja ya mazoezi nilikwenda kliniki kwa ajili ya presha, nikachelewa kwenye foleni. Mume wangu akasimama peke yake, akawaita mabeki wanne. Aliwaita wa Morogoro. Vijana wanne waliocheza naye kambini, wawili wao nilipika mimi msibani kwao. Hakuna aliyeitika. Wale wa chuo walibaki wakimtazama. Akaita tena tangu wa kwanza, na baada ya kila jina akangoja. Msaidizi akamshika mkono, akamkalisha, akampa maji. Ndipo akaenda kwa kocha mkuu akamwambia mzee anaumwa, apumzishwe kwa heshima.

Kesho yake asubuhi akaja getini kwangu, kofia mkononi. "Shikamoo, mama. Mama, mzee apumzike. Wewe unajua."

Nikamwambia, "Mume wangu mzima. Sijui unasema nini, mwanangu."

Akavaa kofia yake, akaondoka. Hakubishana.

Habari zikawafikia mashabiki, wakaja kuniuliza kama ni kweli mzee amepoteza kumbukumbu. Ningeweza kusema ndiyo. Nikasema, "Muulizeni huyo msaidizi anataka nini." Basi. Hayo tu. Wakajijazia wenyewe kwamba anakitaka kiti cha mzee. Wakamzomea kwenye mlango wa uwanja mpaka akaacha kazi, na mzee akabaki kwenye kiti chake. Tangu hapo anashusha mabunda ya mablanketi kwenye duka la jumla mjini. Kwenye mazishi alisimama nyuma ya watu wote, lakini koleo la kwanza alilishika yeye.

Na mimi, tangu mazishi yale, sina raha mchana. Nikisimama kuosha vyombo, maji yakianza kutiririka, namsikia anaita. Majina manne ya Morogoro. Sauti yake haijawahi kunitisha, nimelala karibu nayo maisha yangu yote. Kinachonitisha ni pale anaponyamaza kungoja aitikiwe. Nafunga bomba, nasubiri pamoja naye, mikono inatona povu, na hakuna anayeitika. Nimewahi kuviacha vyombo siku mbili kwa sababu hiyo.

Sasa kinyozi alikuwa ametoa karatasi, mama wa kipa ameshika kalamu, na wa Pretoria yu karibu kuandikwa. Nikaliweka birika mezani.

"Sikuwa napiga dua," nikasema.

Mlinzi akacheka. "Bibi anatutania."

"Nilikuwa namtajia majina. Alikuwa hayajui."

"Majina gani?"

Nikaanza. Nikataja mechi ya kwanza ya msimu ule, mabeki wanne na kipa, nani alitoka ameumia, nani akaingia mahali pake. Nikaenda ya pili. Mlinzi alikuwa akifuata kwa vidole, na nilipofika mechi ya tano vidole vyake vikalala gotini. Mama wa kipa alijifunika mdomo kwa mtandio. Nilitaja msimu wote, na hakuna aliyenisahihisha.

"Basi ule mutu alisema kweli," kinyozi akasema, karibu na kunong'ona.

"Alisema kweli. Aliyesema uongo ni mimi."

"Eish," mlinzi akasema. "Na mimi nilimwita Yuda. Mbele ya mtoto wake."

Kinyozi akasimama, akakaa tena. Alikuwa amekasirika, na nadhani alinikasirikia mimi. "Mama, mbona unamuvua mzee nguo mbele yetu? Si tungemuacha vile tulimujua?"

"Mwacheni vile mlivyomjua, baba. Alikuwa mgonjwa, na bado alikwenda uwanjani kila Jumamosi. Ila yule anabeba mablanketi kwa ajili ya mdomo wangu."

Mama wa kipa akavuta karatasi kwake. Kinyozi hakumzuia. "Bibi," akasema, "nitajie jina lake kamili, na la ukoo, kama linavyoandikwa." Nikamtajia. Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka tangu siku ile ya getini, na lilinitoka kama mwiba uliokaa.

Kuna jambo moja sikuwaambia, nalo liko hapa tu. Mwishoni, wodini, mume wangu alifumbua macho akaniita kwa jina la beki wa kushoto wa Morogoro. Yule aliyekufa kwanza. Jina langu mimi lilikuwa limeshapotea. Akaita, akangoja. Nikamwambia, "Nipo." Akalala.

Chuo kilimchukua yule msaidizi. Jumamosi iliyofuata nilikwenda uwanjani. Nilimkuta kwenye mstari, amekikunja kile kiti cha mzee na kukiegemeza kwenye uzio, hakukikalia. Kreti yangu ilikuwa pale pale.

"Shikamoo, mama," akasema.

"Marahaba, mwanangu." Nikamwambia nimemkosea. Akaitikia kwa kichwa mara moja, macho yakiwa uwanjani, akarudi kwenye kazi yake. Hakunipa zaidi ya hapo, na sikustahili zaidi ya hapo.

Nikaibeba kreti yangu mpaka ng'ambo, kwenye ukingo wa nyasi, nikaketi katikati ya kinyozi na mlinzi. Wote wawili waliitazama midomo yangu. Nikaifunga.

Akawaita mabeki wanne bila kusaidiwa na mtu. Nipo. Nipo. Nipo. Nipo. Baada ya wa nne pakawa na kimya kidogo, kile kile cha jikoni kwangu, na refa alikuwa bado hajapuliza. Nikavuta kanga usoni, nikamwitikia mzee.