Msumeno ulimwachia vidole vitatu, naye akaenda kununua bunduki

Saa moja na robo asubuhi, ubao wa kwanza wa mwaloni unateremka kwenye mkanda wa kusafirishia mbao, ungali mbichi, unanuka kama siki. Verlene Stidham anautazama upande mmoja, anaupindua, anautazama wa pili, anauchora alama ya chaki ya buluu na kuusukuma mbele. Sekunde nne. Mwingine huo unakuja.

"Kifundo," anasema bila kugeuka. "Kifundo tena. Huu safi. Huu una ufa, uone ulivyojificha. Unadhani sikuoni?"

Kazi yake ni kupanga mbao kwa madaraja ya ubora katika kiwanda cha kupasua magogo hapa Marlow Creek, mji mdogo ulioshikwa na milima ya West Virginia. Ana umri wa miaka 56, na miaka 27 kati ya hiyo ameimalizia mbele ya mkanda huu. Kwa siku hupitisha mbao zisizopungua elfu tatu. Hulipwa dola 19 kwa saa.

Chaki huishika kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia umebaki na kidole gumba, cha pete na kile kidogo. Basi.

"Watu wakiniona mara ya kwanza huangalia mkono, halafu huangalia dari," anasema huku akifuta vumbi usoni. "Dari ya humu haina la kutazama. Tazameni mkono, yaishe."

Miaka minne iliyopita, ubao ulikwama kwenye msumeno wa kusawazisha kingo. Aliyekuwa zamu siku hiyo alikuwa amekwenda kunywa kahawa, na Verlene, aliyekuwa na haraka ya kumaliza shehena, akauingiza mkono aukwamue. Ubao ulikwamuka. Vidole viwili havikurudi.

Alikaa nyumbani miezi minne. Majirani walimletea maharage na mkate wa mahindi, wakamfungulia makopo, wakamfunga viatu. Dada yake, Noreen, aliyehamia kumuuguza, alimkatia nyama kwenye sahani kama mtoto.

"Nilimwambia, Noreen, ukinikatia nyama tena nitakung'ata," Verlene anakumbuka. Noreen, anayefanya kazi ya kufunga mizigo hapo hapo kiwandani, anatikisa kichwa. "Na angening'ata kweli. Humjui huyu."

Aliporudi kazini alikuta amepewa ufagio. Msimamizi alimweleza kwa upole kuwa kazi ya kufagia ni nyepesi na mshahara ni uleule. Verlene aliuegemeza ufagio mlangoni, akaenda kusimama kwenye mkanda wake, akaanza kuchora mbao kwa mkono wa kushoto. Mistari ilikuwa imepinda kama njia ya nyoka, lakini hakukosea daraja hata moja.

"Macho yangu hayakukatika," alimwambia msimamizi. Hakuombwa kuondoka tena.

Wazo la bunduki lilikuja kwa hasira. Daktari wa mazoezi ya viungo alimshauri atafute kitu cha kuufundisha mkono wa kushoto, akampa orodha: kufuma, kupaka rangi, kupanda maua kwenye vikopo. Verlene aliisoma orodha hiyo ndani ya gari lake, akaikunja, akaendesha moja kwa moja hadi dukani kwa Orville Teague.

Orville ana miaka 71 na duka lake la bunduki liko kando ya kituo cha mafuta. Ukutani zinang'aa bunduki mpya za kulengea shabaha, ambazo hazishuki chini ya dola 1,500. Pembeni, ndani ya pipa la plastiki, siku hiyo zilikuwa zimesimamishwa kumi na mbili kuukuu, zimeganda grisi nyeusi. Zilitengenezwa Italia kwa ajili ya jeshi zaidi ya miaka themanini iliyopita, zikaishia kwenye maghala ya Ethiopia, na hatimaye zikauzwa kwa shehena nzima.

"Nilimwonyesha bunduki ndogo, nyepesi, inayowafaa akina mama," Orville anasimulia. "Akaniuliza, 'Orville, nani kakwambia mimi ni akina mama?' Nikairudisha ukutani."

Verlene alizitoa pipani moja moja. Hakuangalia mtutu wala komeo linalovutwa kuingiza risasi. Alifuta grisi kwa kitambaa na kusoma mbao za vitako, kama afanyavyo kazini. Hii ina ufa. Hii nyuzi zimekatika shingoni, itavunjika. Ya tisa ilikuwa na nyuzi zilizonyooka toka mwanzo hadi mwisho, na pembeni mtu fulani alikuwa amechonga herufi za Kiamhara kwa ncha ya kisu. Mjini hapa hakuna awezaye kuzisoma.

"Nataka hii."

"Mama we, angalia basi ndani ya mtutu kwanza!" Orville alimwambia. "Hununui meza!"

Akamulika kurunzi. Mtutu ulikuwa mzuri kuliko alivyotarajia mwenye duka mwenyewe. Bei ilikuwa dola 240, chini ya mshahara wake wa siku mbili. Akajaza fomu ya serikali kwa mwandiko wake mpya uliolala chali, Orville akapiga simu ya ukaguzi wa rekodi zake za polisi, na baada ya dakika ishirini akaruhusiwa.

Grisi ile ilimchukua siku tatu za maji ya moto na mafuta ya kusafishia. Noreen anasema nyumba ilinuka gereji wiki nzima, na mikate ikanuka pia.

Jumamosi iliyofuata, Verlene alilipa ada ya dola 60 na kujiunga na klabu ya shabaha ya Marlow Creek. Bunduki yake ilikuwa ndefu, imechubuka, na mkono wa komeo umetokeza pembeni kama tawi. Mlangoni alikutana na Garland Hobart, meneja mstaafu wa benki, bingwa wa klabu kwa miaka sita mfululizo, mwenye bunduki ya Kiswisi inayotunzwa ndani ya kasha lenye mahameli.

"Verlene, hiyo ni bunduki au mpini wa jembe?" Garland aliuliza, watu wakaangua kicheko. "Ukishindwa kulengea, tuazime tukaanikie nguo."

"Cheka tu, Garland. Cheka uchoke," alijibu.

Siku hiyo alipiga risasi kumi kwa bega la kushoto. Hakuna hata moja iliyogusa karatasi. Alikusanya maganda yake, akawaaga wote kwa majina na kuondoka. Garland anakiri kwamba alidhani hatamwona tena.

Ilimchukua mwezi kuelewa kwamba kilengeo cha bunduki ile kiliwekwa kwa masafa marefu ya vitani, hivyo kwa mita mia moja inampasa alenge chini kabisa ya karatasi. Ilimchukua miezi mingine mitano kukizoesha kidole cha kushoto. Kila jioni akitoka kazini alikaa mezani dakika ishirini na bunduki tupu, akilenga doa la ukutani, akivuta, akivuta tena. Noreen alipika huku akiinama kila apitapo mbele, ingawa alijua fika kwamba haina kitu.

Hapo mezani ndipo alipogundua jambo. Bunduki ikilala juu ya mfuko wa mchanga, hana haja ya kuondoa mkono wa kushoto kwenye kifyatulio. Komeo liko upande wa kulia, na lile tawi lililochekwa linatosha kupigwa kwa kiganja. Juu, nyuma, mbele, chini. Halihitaji vidole vitano. Halihitaji hata vitatu.

Majira ya kuchipua mwaka jana, klabu ilifanya shindano lake la bunduki za kale za kijeshi: risasi kumi ndani ya sekunde tisini, mifuko ya mchanga ruksa. Wenzake waliondoa mkono kwenye kifyatulio kila risasi, wakavuta komeo, wakarudi kulenga upya. Verlene hakusogeza jicho. Alimaliza zikiwa zimebaki sekunde kumi na tisa, akapata alama 91 kati ya 100. Garland alipata 88.

Kabla chai haijapoa, Garland alikuwa amewasilisha malalamiko. Alidai kwamba kuvuta komeo kwa mkono wa pili ni faida isiyo ya haki, na akataka sheria ibadilishwe kuanzia siku hiyo hiyo. Matokeo yakazuiwa.

Mkutano uliitishwa katika ukumbi wa klabu Jumapili iliyofuata, baada ya ibada. Wanachama thelathini na mmoja walihudhuria. Garland alizungumza kwa robo saa, akiwa na kitabu cha sheria. Kisha mwenyekiti akamuuliza Verlene kama ana la kusema.

Alisimama, akainua mkono wa kulia juu, wote wauone, na hakuushusha.

"Kwanza mlisema siwezi. Sasa mnasema naweza kupita kiasi," alisema. "Sawa. Kama hii ni faida, sitaki kuwanyima. Kiwanda kinafunguliwa kesho saa moja, na msumeno ni uleule. Nani anataka faida hii? Garland, nikuandikishe wa kwanza?"

Halafu mtu wa nyuma akacheka, na ukumbi mzima ukafuata. Kura zilipopigwa, 23 walikataa pendekezo la Garland na wanane walilikubali. Matokeo yakabaki kama yalivyokuwa.

Garland, aliyekubali kuzungumza kwa simu, hajabadili msimamo. "Anapiga vizuri. Andika hivyo, usije ukasema nilikataa," anasema. "Lakini ile ni faida. Nitasema hivyo mpaka nife."

Verlene anapoelezwa maneno hayo hucheka mpaka anakohoa. "Mwache. Akinyamaza nitakosa usingizi."

Tangu hapo, pipa la Orville limebaki na bunduki mbili, na bei yake imepanda hadi dola 390. Wanawake watatu wa kiwandani wameshanunua za kwao, Noreen akiwa mmojawapo, na kila Alhamisi alasiri wao na Verlene, wote wanne, hukutana uwanjani na mikate ya kujazwa soseji. Wameunda timu. Wanajiita Vidole Thelathini na Nane.

Mwezi Oktoba kuna shindano la jimbo. Huko mifuko ya mchanga hairuhusiwi. Bunduki inashikwa kwa mikono na mkanda wake wa begani tu, na mkono wa kulia wa Verlene ndio utakaobeba uzito wote. Mazoezini bunduki humponyoka. Alama zake bora hadi sasa ni 74. Ili kuingia raundi ya pili anahitaji 85.

Orville alimshauri aombe kuwekwa katika kundi la walemavu, ambako medali ingekuwa kama imeshapatikana. Verlene alimrudishia fomu ya maombi bila kuijaza.

"Hata Noreen ananiambia nisijiaibishe," anasema, huku honi ya kiwanda ikiwaita watu warudi kazini. Anavaa glavu, anasogea mahali pake. "Nisipopita mwaka huu, nitarudi mwakani. Nisipopita mwakani, nitarudi mwaka unaofuata. Mimi kustaafu kwangu bado miaka tisa. Waulize wao, wanaongoja nichoke, wana muda kiasi gani."