Nilimjengea mteja nyumba ya bati kwenye kompyuta, mjomba wa mchumba akaja kuikagua

Wakuu, poleni na mihangaiko. Haya yamenikuta mwenyewe, na sehemu za aibu sijazipunguza.

Katikati ya miaka ya elfu mbili nilikuwa na studio ya picha Nachingwea mjini. Studio ni neno kubwa. Chumba kimoja, kompyuta moja, na mimi niliyejifunza kuhariri picha kwa kubonyeza kila kitu mpaka kitokee chochote.

Halafu nina ugonjwa: nikiona kasoro kwenye kazi yangu, silali.

Akaja Hamisi, mkulima wa ufuta kutoka Lionja. Alikuwa anaposa Matambarale, kule Ruangwa, na mjomba wa binti alikuwa ameomba picha ya mposaji. Kwa Wamwera mjomba akikataa, baba mzazi anabaki kunywa chai tu.

Nikampiga picha mbele ya nyumba yake ya udongo. Akasema, "Fundi, huo ukuta wa nyuma uchangamshe kidogo."

Kidogo! Kaniambia mimi!

Nikamwekea nyumba ya tofali, bati jipya, madirisha ya vioo. Kivuli cha Hamisi kikanisumbua siku tatu, mpaka kikapanda ukutani na kukunjika vizuri kwenye dirisha. Nikajiona msanii wa kimataifa.

Hamisi alicheka, akaituma Matambarale, akijua kila mtu ataona ni mapambo. Yeye alizoea yale mapazia ya studio yaliyochorwa ndege. Ukipiga picha pale, kijiji kizima kinajua hujapanda ndege.

Mjomba akatokea Lionja bila taarifa, kuona nyumba. Akaonyeshwa udongo.

"Ni mapambo tu, mjomba," Hamisi akajitetea.

"Mapambo yanabeba kivuli chako?"

Posa ikasimama. Kesho yake wote wawili wakaja studio, Hamisi macho mekundu.

Nikafungua faili kuwaonyesha picha ilivyopangwa kwa matabaka, kila moja linazimika peke yake. Nikazima nyumba. Nikazima kivuli. Hamisi akabaki anaelea kwenye weupe.

"Na huyo naye zima," mjomba akasema.

Nikazima. Skrini tupu.

Mzee akageuka, akamdonoa Hamisi begani kwa kidole. "Na huyu anazimika?"

"Hazimiki, mzee wangu," nikajibu.

"Basi binti ataolewa na huyu. Nyumba yake nimeiona, haivuji." Akanitazama kwa huruma. "Wewe mwanangu, akili unazo nyingi. Tafuta shamba."

Harusi ikafungwa. Mpiga picha wakamwita wa Ruangwa, wa kamera ya mkanda. Mimi, msanii wa kimataifa, nikapangiwa kugawa pilau.

Nilichojifunza: kazi ya skrini ikiwa safi mno, aliye mbali ataitafuta aje aishike kwa mkono. Na atakayeumbuka ni mteja, siyo wewe. Siku hizi naandika chini ya picha: "Nyumba si yake." Wateja wamepungua, asanteni kwa kuuliza.

Mafundi picha wenzangu, nanyi mmewahi kuharibu kwa kupatia? Karibuni, hata wa kunicheka.