Chema Kilichodumu

Baba yangu aliogopa kufa. Ninalisema waziwazi kwa sababu wengine hulinong'ona, kana kwamba ni ugonjwa wa aibu.

Ujanani alichora mabango makubwa, yeye na rafiki yake waliyemwita Jogoo. Walipanda jukwaa la mbao hadi ghorofa ya sita, kila mmoja na mashine yake ya kupulizia rangi, wakichora nyuso zenye meno makubwa kama milango. Wapita njia walisimama kuwatazama. Kazi ikiisha, waliandika majina yao kwenye kona.

Kisha wakaanza kukohoa, wote wawili. Daktari aliwapima siku moja, akawaambia bila kuzunguka: mkiacha kupuliza rangi, mtazeeka, mkiendelea, miaka mitano ni mingi.

"Afadhali hiyo mitano, watu wakinijua," Jogoo alijibu palepale.

Baba aliuza mashine, akanunua brashi ndogo tatu, akawa mwandika namba za nyumba. Mlango kwa mlango, amekaa kwenye kigoda chake: kumi na nne, kumi na tano, kumi na sita. Mtaa mzima ukamwita Kigoda. Hata babu alimwambia, "Umejishusha, mwanangu."

"Nimeshuka kweli, baba. Kule juu hakuna hewa."

Jogoo alifariki mwaka wa nne. Mazishi yake yalifunga barabara, na sitamdharau marehemu: alikuwa na mkono wa ajabu. Lakini wahenga walishasema, kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Kwetu kilikuja kicheko, tukakizoea.

Mwezi uliopita chama cha wachoraji kilimfanyia Jogoo kumbukumbu. Baba alikaa viti vya nyuma, miaka sabini na moja, akikohoa kwenye leso. Mwenyekiti akashika kipaza sauti.

"Chema hakidumu, ndugu zangu. Wengine walipewa kipaji hichohicho, wakachagua kigoda!"

Watu wakaangua kicheko, wakageuka kumtazama baba. Nikasimama.

Baba akanivuta gauni. "Kaa chini, mama."

"Sikai! Mwenyekiti, kama chema hakidumu, huyu aliyedumu ni kibaya? Daktari alipowapima, baba hakuwa na mtoto hata mmoja. Mimi nilizaliwa mwaka wa sita baada ya siku ile. Mdogo wangu akafuata. Ni bango gani lingetushika mkono kutupeleka shule?"

Mwenyekiti alianza kupekua karatasi zake, mimi nikamshika baba mkono tukatoka kwa mlango wa mbele, mbele ya macho yao wote.

Nje baba alisimama kuvuta pumzi. Nilidhani atanigombeza.

"Umekosea," alisema. "Ulizaliwa mwaka wa saba, si wa sita."

"Una hakika?"

"Nilikuwa nahesabu. Na bado nahesabu."