Hii Sikuitunga

Vitabu vyangu vitatu vya kwanza vilikuwa vya kutunga, na hakuna aliyenisumbua. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Kadutu, mjini Bukavu. Niliandika kwa Kiswahili, kisha bruda mmoja wa parokia akanichapia kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono. Walimu wenzangu waliniuliza kwa nini siandiki Kifaransa kama watu waliosoma. Niliwajibu kwamba ninaowaandikia hawagombani kwa Kifaransa.

Cha nne kilikuwa kweli tupu. Asubuhi moja ya salongo, ile kazi ya lazima ya kufagia mji, nilikuta vijana wa chama tawala wamefunga njia inayopanda kutoka bandarini. Waliwanyang'anya akina mama mizigo, eti kwa sababu hawakwenda kufagia. Mama mmoja aliyetoka kisiwa cha Idjwi alitua gunia lake la mihogo katikati ya barabara akalikalia. Walimtukana, wakamvuta mkono, hakunyanyuka. Wengine nao wakatua na kukaa, hata lori la bia likashindwa kupita. Jua lilipokuwa kali, vijana walichoka wakaondoka.

Niliandika niliyoyaona, nikamtafuta yule mama sokoni nimsomee. Alisikiliza huku akimenya mihogo. Nilimwambia naweza kubadilisha kijiji chake, asitambulike. Alinitazama kama nimemtukana.

"Miye niliikala pale muchana, watu wote wakaniona," alisema. "Sasa wewe unanificha juu ya nini?"

Bruda aliogopa kufungiwa mashine, akaomba ruhusa ya chama kwanza. Ndipo nikaitwa na mkubwa mmoja wa chama, mwenye abakosti ya kijivu, lile koti la wakubwa lisilovaliwa na tai. Kumbe alikuwa amesoma hadithi zangu zote, na alizisifu kwa moyo. Hakunikaripia. Alinipa kalamu yake, akaniita mwananchi kwa Kifaransa.

"Citoyenne, andika tu huku juu: hadithi ya kutunga. Kitabu kitatoka."

Niliiweka kalamu juu ya meza.

"Zile zingine nilitunga," nilimwambia. "Hii niliona na macho yangu."

Alichukua kalamu yake. Haukupita muda nikahamishiwa Idjwi, kwenye shule isiyo na madirisha, na kila mtu alijua ni adhabu. Nililia kwenye boti, sikatai. Lakini nilikuwa na nakala yangu. Yule mama aliposikia nimefika, alikuja na majirani zake Jumapili baada ya misa, wakataka niwasomee. Walinikatiza kila mara. Walisema tusi moja nililipunguza makali, na kwamba lile lenyewe lilikuwa baya zaidi. Walinitajia, nikaliandika kama lilivyosemwa.

Miaka mingi baadaye, chama kilipoanza kuishiwa nguvu, kitabu kilichapwa Bukavu, na tusi lake ndani. Bruda aliyekichapa alikuwa mwingine, kijana, na hakuomba ruhusa kwa mtu.

Tangu hapo nimeandika vingine, vya kutunga na vya kweli. Wasomi huniambia kwamba hadithi zangu ndizo fasihi, na kile cha nne ni ripoti tu. Waseme. Kutunga nakupenda, na nitatunga tena. Lakini mtu akivutwa mkono mbele yangu barabarani, sitamwambia aliota.