Risasi ya Kongoni wa Mama

Niliporudi Arusha kutoka Ujerumani, nikiwa na stashahada ya uhandisi mitambo mkononi na mashine yangu ya kukereza chuma ikinifuata kwa meli, kila aliyenijua aliniomba kitu. Wengine waliomba redio kaseti, wengine suruali za jinzi, na binamu yangu mmoja aliomba gari, tena alitaja na rangi. Mama mwenye nyumba wa Ngarenaro aliomba kongoni.

Huyu si mama aliyenizaa. Ni mama wa Kiislamu aliyenipa chumba nilipotoka kwetu Kikatiti, kijana wa Kilutheri asiyejua mtu mjini. Miaka miwili nilikula sinia moja na wanawe, na hakuna siku aliyonifanya nijione mgeni. Marehemu mumewe alikuwa mpishi wa misafara ya uwindaji, na kila msimu alimletea nyama ya kongoni. Tangu mume azikwe, hakuionja tena.

"Nyama ya ng'ombe naipata kwa mwanangu buchani kila wiki," aliniambia. "Wewe niletee kongoni. Awe amechinjwa. Na usikawie, nimebaki na meno saba."

Nilicheka, nikamwahidi. Mimi nikiahidi huwa natimiza. Ndivyo nilivyosoma, ndivyo nilivyojenga nyumba Njiro kabla wenzangu wa darasa moja hawajamaliza msingi, na ndivyo nilivyofungua karakana Ngarenaro ambako hata leo gia ikivunjika mkoa mzima wanajua ipelekwe wapi.

Biashara ya nchi ilikuwa imefunguliwa miaka ile. Bidhaa tulizozoea kuzisikia tu zilijaa madukani, na bunduki za uwindaji zilikuwa miongoni mwake. Niliomba kibali cha kumiliki moja, nikafuata taratibu zote za polisi na za ofisi ya wanyamapori. Kibali huandikwa jina la mwombaji, aina ya bunduki na aina ya risasi yake. Ukishaandikiwa, umefunga ndoa nayo. Kuibadilisha ni kuanza safari upya. Kwa hiyo swali halikuwa bunduki ipi. Swali lilikuwa risasi ipi.

Mwenye kulijua hilo kuliko watu wote ukoo wetu alikuwa mjomba wangu, ndugu wa mama yangu mzazi. Alifuata nyayo za wanyama kwa ajili ya wawindaji wa kigeni mpaka nywele zikawa nyeupe, kisha akarudi Kikatiti kulima migomba. Alikuja karakana asubuhi moja, amevaa koti la kanisani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Hujambo, Mjerumani?"

Nilimwonyesha risasi mbili nilizozipata dukani, nikazisimamisha juu ya mashine. Ya kwanza ilikuwa magnamu ya mia tatu, ndefu, ganda lake nene kama kidole gumba. Ya pili ilikuwa ile wawindaji wanayoiita thati-o-siksi, risasi ya zamani, nyembamba kidogo, ambayo wazungu wa mashamba ya kahawa huku mlimani Meru waliitumia tangu mjomba akiwa kijana.

Nilichukua chaki nikamwandikia hesabu ukutani. Nguvu ya kitu kinachokwenda ni nusu ya uzito wake mara mwendo wake mara mwendo wake tena. Ukiongeza mwendo kidogo, nguvu inapanda sana. Magnamu ilikuwa na mwendo mkubwa zaidi, kwa hiyo ilishinda. Sikuona mahali pa kubishania.

Mjomba aliutazama ukuta kwa adabu, kama mtu anayetazama picha ya watoto wa mwenzake.

"Hesabu yako nzuri," alisema. "Unataka kumpiga nani?"

"Kongoni. Na swala. Siku nyingine pofu, yule mnyama mkubwa kama fahali, nikipata leseni."

"Basi chukua huyu mzee mwenzangu." Aliishika thati-o-siksi kwa vidole viwili. "Ukiiwekea kichwa chepesi cha risasi inamtosha swala. Ukiiwekea kichwa kizito, pofu mwenyewe analala. Haikuumizi bega, hairarui nyama. Na duka likiwa na aina mbili tu za risasi, moja ni hii. Hiyo nyingine unayoipenda itakwisha, halafu utakuwa na fimbo ya kutembelea."

"Lakini mjomba, hii magnamu haimpi mnyama nafasi."

"Ndiyo ubaya wake," alisema, akairudisha risasi juu ya mashine.

Sikumwuliza ana maana gani. Nilikuwa mtu wa miaka thelathini na mbili mwenye stashahada, na nilidhani mzee anaipenda ya zamani kwa sababu tu ni ya zamani. Niliandikisha magnamu.

Msimu ulipofunguliwa tulikwenda uwanda wa Simanjiro, sisi watatu kwenye Land Rover niliyoiunda upya kwa mikono yangu: mimi, mjomba, na mtoto mkubwa wa Mama, yule mwenye bucha. Huyu alikuwa rika langu, tumelala chumba kimoja. Kazi yake ilikuwa kuchinja. Ndivyo ilivyo huku kwetu: mwindaji hata akiwa Mkristo, hubeba Mwislamu mwenye kisu, mnyama akianguka akimbiliwe na kuchinjwa angali hai, ili nyama iliwe na watu wote. Asipowahiwa anakuwa kibudu, na nyumba kama ya Mama kibudu hakivuki kizingiti.

"Injinia," aliniambia njiani, "mimi mbio zangu si kama zamani. Nimenenepa. Mpige karibu."

"Shehe, wewe noa kisu. Mengine niachie mimi."

Leseni yangu ilikuwa ya kongoni wawili. Wa kwanza nilimpata hatua kama mia tatu, amesimama juu ya kichuguu, Meru ikionekana nyuma yake ndogo kama kofia. Nililenga bega. Lazima niseme lilikuwa pigo zuri, na sijaona wengi wanaoweza kulirudia. Kongoni alianguka palepale, kama vile ardhi ilimvuta.

Mwenye bucha alikimbia, kisu mkononi, jina la Mungu mdomoni. Nilimwona anapiga magoti, anagusa jicho la mnyama kwa ncha ya kidole. Jicho halikupepesa. Alisubiri kidogo, akagusa tena. Kisha akakirudisha kisu alani kikiwa kikavu.

"Kibudu," alisema nilipofika.

"Dakika moja tu, bwana. Mguse, bado wa moto."

"Hata chai ni ya moto, injinia. Haina roho."

Wa pili tulimpata alasiri. Safari hii nilisogea mpaka hatua mia na hamsini ili shehe asichoke. Ilikuwa vilevile, tena vibaya zaidi. Kwa karibu ile risasi yenye mbio ilipasuka ndani. Bega lote likawa uji mweusi wa damu, na mnyama alikuwa amekufa kabla magoti yake hayajagusa nyasi. Leseni ikaishia hapo.

Tulikaa kivulini mwa gari. Hapo nilisema neno ambalo ningependa nisingelisema.

"Mama hatajua."

Mwenye bucha hakukasirika. Alikuwa anakwangua matope kwenye kiatu chake.

"Mama hatajua," alikubali. "Mimi nitajua. Na wewe utakaa pale unamtazama anatafuna."

Mjomba, ambaye siku nzima hakunisema, alichuna wale wanyama, na nyama ikaenda Kikatiti kwa ndugu zangu Walutheri, walioisifu sana. Mimi sikuila. Jioni ya siku ya pili nilikwenda Ngarenaro mikono mitupu. Mama alikuwa barazani anachambua mchele.

"Nimesikia umeua wawili," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Hongera. Sasa nimebaki na meno sita."

Akaendelea kuchambua mchele.

Usiku ule niliifuta ile hesabu ukutani kwa kitambaa chenye mafuta. Haikuwa na kosa; nimeipitia mara nyingi tangu hapo, na ni sahihi. Lakini nilikuwa nimehesabu jinsi ya kuua, na nilichoahidi ni mnyama wa kuchinjwa. Mtu mwingine angeng'ang'ania kwa aibu. Mimi kosa nikiliona nalirekebisha, na hiyo ndiyo tofauti ya fundi na mpenda vyuma. Nilipanda basi kwenda Kikatiti, nikamkuta mjomba shambani, nikamwambia anifundishe.

"Mapafu," alisema, akachora mnyama mavumbini kwa panga. "Hapa nyuma ya bega. Risasi nzito, ya mwendo wa kawaida, inapita inatoka. Mnyama anatembea hatua thelathini, arobaini, analala kama aliyechoka. Hapigi kelele. Moyo bado unakwenda kidogo. Hapo ndipo mwenye kisu anafika. Akichelewa, amechelewa yeye, si bunduki."

Ilinichukua karibu mwaka. Niliirudisha magnamu dukani, nikaanza taratibu upya. Mjomba alimjua mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa aliyekuwa anafunga virago, akanipeleka kwake. Bunduki yake ya thati-o-siksi, niliyoinunua, ilikuwa na kitako kilichong'aa kwa mashavu ya watu wawili, yeye na baba yake, ila kifyatulio kililegea na skrubu mbili zilikuwa zimeliwa. Nilizikereza mpya mwenyewe. Wauza bunduki wa mjini walikuwa wamesema vipuri hivyo lazima viagizwe nje. Nilichagua risasi za kichwa kizito, greni mia mbili na ishirini, yaani kama gramu kumi na nne, nikajifunza kupiga kwenye machimbo ya mawe mpaka nikaacha kuharakisha kidole. Wakati wote huo, kila nilipopita Ngarenaro, Mama alinipa hesabu yake. Yalikuwa matano. Kisha manne.

Msimu uliofuata tulirudi Simanjiro, watu walewale. Tuliliacha gari mbali, maana risasi ile inakulazimisha usogee. Tulitembea kwa mstari, mjomba mbele, mimi nikifuata, na mwenye bucha nyuma yangu, kisu tayari nje ya ala, akihema kwa pua ili asisikike. Kongoni alikuwa hatua themanini, ubavu umetugeukia. Nilipumua nusu, nikafyatua.

Hakuanguka. Moyo wangu ndio ulioanguka. Aliruka kidogo, akatembea kichwa chini, hatua ishirini, thelathini, akasimama, akapiga magoti ya mbele taratibu kama ng'ombe anayelala zizini.

"Nenda," mjomba alisema, na shehe alikuwa amekwisha nipita. Sijawahi kuona mnene akikimbia vile. Nilisikia bismillahi yake, na nilipofika damu ilikuwa inatoka kwa kishindo shingoni, nyekundu na hai. Alinitazama, hana pumzi, akaninyooshea kile kisu kilicholowa nikione.

Mama aliipika mwenyewe, kwa nazi kavu na pilipili manga, kama alivyokuwa akipika mumewe. Alikataa wakwe zake wasiguse sufuria. Tulikaa kwenye sinia, mjomba pia, na koti lake la kanisani. Mama alichukua kipande kidogo, akakipeleka upande wa kushoto ambako meno yake yalikutana, akatafuna kwa muda mrefu.

"Kavu kidogo," alisema hatimaye. "Kongoni huwa mkavu. Ungemwambia mjomba wako akuchagulie jike."

Kisha akasogeza sinia karibu yake, akachagua kipande kikubwa zaidi.