Bahasha Niliyoipokea Baada ya Saa Nne

Assalaam alaykum admin na nyote mnaosoma. Jina langu lifiche, na ofisi yangu nisiulizwe, kisiwa chetu hiki kidogo. Nina miaka ishirini na sita, niko Pemba, nina mtoto mmoja wa kike wa miezi minane. Mume wangu yuko Unguja kikazi, anakuja akipata ruhusa. Nimesoma mpaka kidato cha nne na ni karani katika ofisi ya serikali. Naandika nimechoka, mkikuta maneno yamepishana mnivumilie.

Mwanangu alipokuwa na miezi minne nilichaguliwa kwenda kwenye mafunzo ya ununuzi wa serikali na mikataba, siku kumi, Gombani. Nilifurahi, halafu nikalia, maana mtoto chupa haitaki kabisa. Jirani yangu, nitamwita Bi Salma, naye ana mtoto wa kiume wa umri uleule. Akanambia, "Niachie mie. Ziwa moja la wangu, jingine la wako." Tukawauliza waume zetu, wakaridhia. Siku ya kwanza alipompakata mwanangu kumnyonyesha akacheka, "Lakini shoga, nshakukosesha mkwe! Hawa sasa ndugu, hawaoani tena."

Kule mafunzoni niliandika kila kitu. Mwalimu wetu alikuwa mkali. "Zabuni ikichelewa dakika moja, imechelewa. Mrudishieni mwenyewe bahasha yake, msiifungue." Tena akasema, mwenye undugu na mwombaji aseme mapema na akae pembeni. Hayo mawili niliyapigia mstari. Niliporudi na cheti, mama yangu akakitundika ukutani mwenyewe, kila mgeni anaoneshwa. Mtoto akaendelea kushinda kwa Bi Salma nikiwa kazini, na ofisini nikapewa kazi ya kupokea zabuni ndogo, zile ambazo bado zinakuja kwa bahasha. Naandika jina na saa kwenye daftari, kisha natia bahasha ndani ya sanduku.

Wiki mbili zilizopita tulikuwa na zabuni ya kushona mashuka na mapazia ya kituo cha afya. Mwisho saa nne kamili asubuhi. Saa nne na dakika saba wakaingia kina mama watatu kutoka kisiwa cha Makoongwe, wana kikundi chao cha cherehani. Buibui zimelowa chumvi. Mkubwa wao akanyoosha bahasha kwa mikono miwili. "Mwanangu, bahari imechafuka, boti imechelewa kuondoka. Tupokelee."

Nikamwambia, "Mama, muda umepita. Sheria hainiruhusu."

"Dakika ngapi?"

"Saba."

"Na sanduku mshalifungua?"

Lilikuwa halijafunguliwa, mwenyekiti wa kamati alikuwa hajafika. Lakini nikamjibu kwa sauti ile ya mwalimu wetu, na wallahi siku hiyo nilijisikia mtu mkubwa. Hawakubisha. Wakakaa barazani, wakaomba maji ya kunywa.

Haijafika saa nne na nusu akaja mume wa Bi Salma. Yeye ni fundi cherehani. Anahema, bahasha iko kwapani. "Yakhe, usinilaumu. Mwanao kapata homa asubuhi, Salma akanambia tumkimbize hospitali kwanza. Kashapewa dawa, kalala. Nami ndiyo nafika sasa hivi."

Nilitazama saa. Nikatazama ile bahasha. Kachelewa kwa ajili ya mwanangu, tena mtoto wake na wangu wamenyonya ziwa moja. Nikachukua kalamu nikaandika: saa tatu na dakika hamsini. Nikaitia sandukuni. Ile fomu inayouliza kama nina undugu na mwombaji yeyote, nikaandika sina. Nikajidanganya kwamba wao wanauliza damu, hawaulizi maziwa. Mimi Muislamu, najua maziwa ni undugu.

Yule mama wa Makoongwe alimuona akiingia na bahasha na akitoka mikono mitupu. Akaja mlangoni taratibu. "Huyu saa yake ni nyingine, mwanangu?"

Nikafunga daftari. Akanitazama kifuani, maziwa yalikuwa yamelowesha nguo. Akasema kwa upole, "Kumbe una mtoto mchanga nyumbani. Mungu akukuzie." Wakaondoka.

Ndugu zangu, bora angenitukana.

Mume wa Bi Salma kashinda. Mkataba unatiwa saini Alhamisi ijayo. Yeye anadhani nilimpokelea kwa kuwa watu walikuwa bado wanapokelewa, ile saa niliyoandika haijui. Bi Salma juzi kaniletea sahani ya vitumbua, anasema kwa kazi hii watapata kuezeka nyumba yao. "Shoga, dua zako hizi!" Nilikula kimoja, sikuweza kumaliza.

Cheti nimekishusha ukutani. Mama ameuliza, nikasema msumari umelegea. Barua ya kukiri kwa mkuu wangu nimeshaiandika, iko ndani ya mfuko wa nepi, siku ya nne sasa naibeba kazini na kurudi nayo. Najua naweza kufukuzwa. Hilo nimelikubali. Kwa hiyo msinishauri ninyamaze, hilo nimeshajishauri mwenyewe kila siku na halijanipa usingizi. Wala msinambie yule mama wa Makoongwe kashasahau. Kutoka kwao mpaka ofisini kwetu si karibu, na aliyemrudisha ni mimi.

Ninalouliza ni moja. Nianzie mlango upi? Nikipeleka barua kwanza, Salma atayasikia kwa watu kwamba mimi ndiye niliyemvunjia mumewe mkataba. Nikimwambia yeye kwanza, naogopa atalia, nami moyo utalegea, barua irudi mfukoni. Nielekezeni wenzangu, wenye watoto na wasio nao, lakini msichelewe, Alhamisi si mbali. Na kila jioni nikipita kwa Salma kumchukua mwanangu, namkuta bado anamnyonyesha.